Mrejesho: kichujio cha umeme cha amplifaya, Tanga

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza namna ya kuunganisha kwa usalama kichujio cha umeme cha kujiundia, ili spika za kikundi chetu cha taarabu hapa Ngamiani ziache kupasua mlio kila friji la jirani linapowaka.

Fundi umeme alianza kwa kupima ethi ya nyumba (waya wa usalama unaoingia ardhini), kwa kuwa kapasita (vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji) za aina ya Y, zinazounganisha waya wa moto na wa nyutro kwenye ethi, hupitisha mkondo mdogo wakati wote. Ethi ikikatika, sanduku la chuma la kichujio hupanda hadi karibu nusu ya volti 230, na anayeligusa hupigwa shoti. Waya wetu wa ethi ulikuwa umeliwa na kutu (chumvi ya bahari haina huruma), ukabadilishwa.

Fyuzi imekaa kwenye waya wa moto, mbele ya vyote. Kati ya moto na nyutro ipo kapasita ya X2 (aina ya usalama) ya volti 275, na sambamba nayo rezista ya megaomu 1, ili chaji isibaki kwenye pini baada ya plagi kuchomolewa. Kapasita ya kawaida tuliikataa, maana ikiharibika huweza kushika moto. Ethi imefungwa kwa nati juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi.

Mlio wa friji umekwisha. Mngurumo wa hezi 50, yaani wa umeme wenyewe wa nyumba, ulibaki, nao kichujio hakiuhusu: ulipungua tulipochomeka mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) na amplifaya kwenye soketi moja.