Tumelipia kuiona Pandora, tumeoneshwa kiza. Badilisheni taa!

Ndugu zangu wa Mombasa, nina hasira na sitaificha.

Ijumaa usiku nilimpeleka babangu kutazama Avatar: The Way of Water. Jina la ukumbi silitaji, ila waliokuwa ndani usiku ule wanajua ni wapi. Mzee ana miaka 72. Maisha yake yote alikuwa mvuvi, mzamiaji wa kamba na pweza kwenye mwamba, na mwezi wa nane alipasuliwa mtoto wa jicho. Kwa miaka mitatu alikuwa akiutazama ulimwengu kama aliyefungiwa ndani ya chandarua. Siku alipotolewa bendeji alikaa barazani hadi magharibi akinisomea maandishi ya kila matatu na kila tuktuk inayopita. Nikasema huyu lazima nimpeleke sinema. Mara yake ya mwisho kuingia ukumbini ilikuwa enzi za Regal na Naaz, zile sinema za zamani.

Na nilitaka iwe filamu hii, si nyingine. Ile ya kwanza ya mwaka 2009 ilikuwa ya misitu. Safari hii mwongozaji James Cameron amewashusha watu baharini, huko huko Pandora, ule mwezi unaozunguka sayari kubwa ya gesi. Kuna kabila la pwani, Metkayina, wenye mikono mipana kama mapezi na mikia minene ya kusukumia maji. Kuna tulkun, viumbe wakubwa mfano wa nyangumi, wenye akili na nyimbo zao, wanaowindwa na binadamu kwa ajili ya maji yaliyomo kwenye bongo zao. Mvuvi wa kwetu hahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo.

Mimi kazi yangu ni kupiga video za harusi, kwa hiyo nilikuwa nimefuatilia jinsi walivyoipiga. Waigizaji walizama kweli kwenye tangi, wakabana pumzi zao wenyewe, kwa kuwa mapovu ya mitungi ya hewa yangezivuruga kamera. Kate Winslet alikaa chini zaidi ya dakika 7. Juu ya maji wakatandaza vijipira vyeupe, ili mwanga wa taa za juu usichezecheze ndani ya maji, na mtu akiibuka apenye bila kuumia. Nilimsimulia mzee njiani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dakika saba ni nyingi, mwanangu. Mimi nilifika tatu, na wenzangu walinihesabu."

Basi. Tumelipa shilingi elfu moja kila mmoja, tumepewa miwani ya 3D, ile ya kuonea picha kama ina kina, yenye mikwaruzo na alama za vidole vya waliotutangulia, tumekaa. Simu zikiwaka huku na huku, mlango ukifunguliwa kila mara. Hayo ningevumilia.

Nisichovumilia ni picha yenyewe. Kiza! Bahari ya mchana wa jua kali ilikuwa kama maji ya bandarini saa moja jioni. Samahani kwa wasiojali mambo ya ufundi, lakini hapa nitaeleza, kwa sababu yule kijana wa mlangoni aliniambia "3D ndivyo ilivyo", na meneja akaongeza kuwa filamu ina sehemu nyingi za usiku.

Sivyo ilivyo. Projekta moja ikionesha 3D hutoa picha ya jicho la kushoto na la kulia kwa zamu, kwa kasi ambayo huwezi kuitambua. Mwanga hupita kwenye kichujio mbele ya lenzi, kisha kwenye miwani yako, na njiani zaidi ya nusu yake hupotea. Kila mwenye ukumbi analijua hilo. Filamu ya kawaida inatakiwa ifike kandela 48 (kipimo cha mwanga) kwa kila mita mraba ya skrini. 3D hukubaliwa iwe chini ya nusu ya hapo, kwa hiyo hakuna mwanga wa ziada wa kuchezea. Taa ya xenon, ile ya ndani ya projekta, nayo huchoka kadiri saa zinavyokwenda. Ukiingoja mpaka ife ndipo uibadilishe, kwa kuwa ni ghali, wateja wako wanatazama vivuli kwa miezi. Nilivua miwani nikatazama: picha ikawa mbili mbili, lakini hata bila miwani rangi ya buluu ilikuwa imefifia, karibu na kijivu. Kosa si la miwani peke yake. Taa imechoka.

Sasa sikieni kilichoniuma. Filamu ina saa tatu na dakika kumi na mbili. Saa nzima ya kwanza mzee alikuwa akivua miwani, akiipangusa kwa kanzu, akiivaa tena. Kisha akaacha. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akatazama. Akafunika la kushoto, akatazama. Nikamuuliza, "Vipi baba?" Akaniinamia sikioni: "Usimwambie mamako. Mtoto wa jicho amerudi."

Nilimwambia si jicho, ni taa yao. Hakuniamini. Atanisadiki vipi, ukumbi mzima umetulia, hakuna anayelalamika? Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Tulipita Mkomani, taa za barabarani zinawaka vizuri kabisa, nikamwonesha mabango akayasoma yote, na bado akatikisa kichwa.

Nilirudi Jumamosi kumwona meneja. Sikuomba pesa. Nilimwomba mambo mawili: aite fundi apime mwanga wa skrini, na mpaka taa ibadilishwe aioneshe filamu hii kwa 2D, ile ya kawaida isiyo na miwani, na kile kichujio kiondolewe mbele ya lenzi, maana kikiachwa hata 2D itatoka na kiza. Akanipa tikiti mbili za bure za ukumbi ule ule. Nimezirudisha mezani kwake.

Kama nawe ulikuwa ndani wiki hii ukaona kiza, andika hapa chini, taja siku na saa, nami nitampelekea yote mkononi. Mzee amejipangia miadi kwa daktari wa macho Jumatatu. Nimemwambia hana haja. Ameniambia nimwamshe alfajiri.