Naomba ushauri: nafasi ya RV (trela au gari la kulala safarini) niliyolipia inaweza kubadilishwa nikifika

BabaWatatu:
Wakuu salaam. Julai tunaelekea Texas na trela ya futi 32, umeme wa amp 30, kiyoyozi kimoja. Kambi ni ya mtu binafsi. Nimelipia nafasi ya kupita moja kwa moja (unaingia mbele na kutokea mbele bila kurudi nyuma) yenye umeme, maji na bomba la maji taka, lakini chini ya risiti wameandika wanaweza kunihamisha bila taarifa. Wageni waliopita wanalalamikia nafasi fupi na umeme dhaifu jioni. Nijipange vipi nisibanwe?

Mzee wa Trela:
Mkuu, anza na urefu. Hiyo 32 mara nyingi ni namba ya modeli tu. Chukua futikamba upime kuanzia bampa ya nyuma hadi ncha inayofungwa kwenye gari, na usishangae ikifika 35 au 36. Ongeza pikapu, futi 19 au 20. Waandikie jumla hiyo kwa barua pepe na uwaombe wajibu kwa maandishi. Uliza pia kama wanatoza ada ya kukushikia nafasi ya namba maalumu. Kambi nyingi zinayo. Ilipe, kwani bila hiyo wanapanga wanavyotaka. Safari nyingine angalia kambi za serikali kupitia Recreation.gov: nyingi unachagua nafasi kwa namba, na urefu wa njia ya kuegesha umeandikwa.

FundiLaivu:
Nakusihi, usiitenganishe trela na gari kabla hujapima umeme. Ukishatandaza kila kitu, kuhama ni kazi ya saa nzima na mapokezi wanalijua hilo.

Zima breka (swichi ya kukata umeme) iliyo kwenye nguzo ya umeme ya nafasi yako, kisha tazama soketi kwa tochi. Plastiki imegeuka kahawia kuzunguka matundu? Bati la ndani jeusi, plagi inacheza ukiichomeka? Hiyo itayeyusha plagi yako, omba nafasi nyingine papo hapo. Kama pembeni kuna soketi nzima ya amp 50, adapta ya 50 kwenda 30 inatosha. Breka kuu ya trela bado itakulinda.

Ukiwasha breka tena na kupima kwa multimita (kifaa cha kupima umeme): laivu na nyutro karibu volti 120, laivu na athi vilevile, nyutro na athi karibu sifuri. Kama hujazoea kushika nyaya, nunua kifaa cha ulinzi cha amp 30 kinachokata umeme ukishuka chini ya volti 104. Vile vya bei rahisi vinazuia umeme mkubwa wa ghafla tu, na adui wako Texas ni umeme mdogo. Kuanzia saa tisa alasiri kila trela inawasha kiyoyozi, nyaya za kambi kuukuu hazihimili, volti zinashuka. Kompresa ya kiyoyozi inavuta amp nyingi zaidi, inachemka, inakufa. Kwa hiyo kipimo cha asubuhi kisikupe amani.

Na matumizi yako: kiyoyozi amp 13 hadi 16, maikrowevu kama 13, hita ya maji 12. Vyote pamoja breka inaruka, na hapo kambi haina kosa. Hita iendeshe kwa gesi.

Bi Kambini:
Kipunguza presha cha maji, psi (kipimo cha presha) 40 hadi 50, kifunge bombani kabla ya mpira wa maji, la sivyo mpira wenyewe ndio utapasuka. Maji taka ya trela hutokea upande wa dereva, kwa hiyo wakikupa nafasi iliyogeuzwa, yenye tundu la maji taka upande wa pili, mpira wa maji taka hautafika. Beba mpira huo wa futi 20, mteremko robo inchi kwa kila futi. Tundu lao likiwa juu kuliko lako, ikatae hiyo nafasi. Valvu ya tangi la choo ibaki imefungwa hadi lijae theluthi mbili, maana ukiiacha wazi maji yanatangulia na uchafu unaganda chini.

BabaWatatu:
Ahsanteni sana. Na wakigoma kunibadilishia, pesa inarudi?

Mzee wa Trela:
Ulilipa kwa kadi ya mkopo? Piga picha ya soketi, kipimo cha volti na futikamba ardhini, waombe marejesho kwa maandishi, kisha uondoke siku hiyohiyo. Ukilala hapo wiki nzima, dai linadhoofika. Wakikataa, peleka pingamizi kwa benki kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu itumwe taarifa ya kadi yenye malipo hayo, na uambatanishe ile barua pepe ya urefu.