Kutazama nyota kikundi: Natron, Eyasi au Monduli Juu? Na suala la taa

Mpenzi wa Kilimia, Arusha

Wadau, habari za jioni. Tuko watu 14, wanne kati yao watoto, tunapanga kulala nje usiku mmoja mwezi wa saba, siku za giza zisizo na mwezi angani. Tuna darubini moja ya inchi 8 na bainokula tatu. Nimebakiza sehemu tatu: Engare Sero kule Natron, Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, na Monduli Juu hapa jirani. Waliokwisha kwenda naomba mniambie ukweli, maana safari iliyopita ilituumiza. Tulikodi gari, na dereva aliambiwa mapema asiwashe taa. Saa 3 usiku akakumbuka koti lake, akabonyeza rimoti, indiketa zote zikamulika. Binti yangu alikuwa amesubiri nusu saa zamu yake ya kuona sayari ya Zohali. Alipoinamia darubini akasema, "Baba, naona weusi tu."

Dereva wa Kaskazini

Pole sana kaka. Natron nimepeleka watu mara nyingi. Kwa giza hakuna mpinzani hapo. Usiku usio na mwezi, Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota nyingi angani, inaonekana kama moshi uliotanda toka upeo hadi upeo. Lakini hesabu njia: kutoka Mto wa Mbu ni vumbi na makorongo saa kadhaa, na mageti ya kulipia njiani. Ukifika, upepo wa jioni unashuka kutoka kwenye genge la Bonde la Ufa, unatikisa darubini mpaka nyota inacheza. Kusini una mlima Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, unaziba kipande cha chini cha anga. Na usishtuke karibu na usiku wa manane ukiona taa ndogo ndogo zinapanda mlima kwa mstari. Ni wapanda mlima, wanaanza saa hizo ili wafike kileleni alfajiri. Kwa watoto wanne na usiku mmoja tu, mimi nisingeenda.

Mama Wawili

Monduli Juu ina heri yake: unafika mapema, hewa ya ubaridi, na mtoto akilia saa 5 unamrudisha nyumbani. Sisi tuliona makundi ya nyota ya Salibu na Nge, na vimondo viwili, watoto wakaridhika.

Mwalimu wa Fizikia, Karatu

Dada, nakuelewa, ila kwa mwezi wa saba Monduli Juu ina tatizo la mwelekeo. Mwanga wa jiji la Arusha unakaa mashariki na kusini-mashariki, na huko ndiko sehemu nono ya Njia Nyeupe inakotokea jioni. Unapoteza saa nzuri za mwanzo ambazo watoto bado wako macho. Kuanzia saa 3 hivi inakuwa imepanda, unaiona, lakini imefifia.

Mang'ola ni tofauti. Lami inakufikisha Karatu, karibu kilomita 140 toka Arusha, kisha njia mbovu ya kilomita 50 hivi mpaka kwenye mashamba ya vitunguu. Genge la Bonde la Ufa liko ng'ambo ya ziwa, kaskazini-magharibi. Kusini-magharibi ni tambarare tupu, na Salibu huzamia upande huo. Juu yake kidogo utafute nyota yenye ukungu: hiyo ni Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota. Kwa inchi 8 inatawanyika kama unga wa sukari kwenye kitambaa cheusi. Kila ninayemwonyesha hunyamaza kwanza.

Mpenzi wa Kilimia, Arusha

Shikamoo mwalimu, hapo umenigusa. Kuna aliyenishauri kambi ya ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Na ufukwe wa Ziwa Victoria je? Nina ndugu Musoma.

Mwalimu wa Fizikia, Karatu

Marahaba. Ukingoni baridi kali, ukungu unaingia usiku, na wanyama wanapita kambini. Watoto hawatazami nyota wakiwa na hofu.

Mvuvi Mstaafu, Mara

Mwanangu, ziwani usije siku za giza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, ukitoka mbalamwezi tunapumzika. Usiku unaoutaka wewe ndio usiku ambao maji yote yamejaa taa.

Fundi Darubini

Sehemu mmeshaipata, sasa taa. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwako wa sekunde moja unawarudisha nyote mwanzo. Mwekundu hafifu hauharibu. Funga tochi kwa karatasi nyekundu ya kufungia zawadi, tabaka tatu, na mpira wa kufungia hela. Jaribu ndani ya chumba cheusi: ukiona kivuli cha mkono wako, ongeza tabaka.

Gari ndilo adui mkubwa. Toeni kila kitu kabla ya magharibi, zimeni taa ya ndani, na rimoti akae nayo mtu mmoja. Gari la kuondoka mapema liegeshwe mbali, pua ikiangalia njia. Asiyekuwa na zamu asishike darubini. Watu wanaiegemea kama ukuta na nyota inapotea. Mtoto apewe kigoda, akunje mikono nyuma, atazame kwa jicho tu. Leza ya kijani iwe moja, mikononi mwa mtu mzima, na isielekezwe kwenye ndege wala kwenye boma.

Mwalimu wa Fizikia, Karatu

Naongeza la wenyeji. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji mchana, useme mko wangapi na mtalala wapi, naye akuonyeshe mahali pasipo njia ya ng'ombe kwenda majini. Usiku wakija wazee, zamu ya kwanza wapeni wao. Mwaka jana mzee mmoja aliuliza kilimia, lile kundi dogo la nyota, kiko wapi. Nikamwambia kitatokea alfajiri. Akalala pale pale kwenye mkeka wake, saa 11 akatuamsha yeye mwenyewe.

Mpenzi wa Kilimia, Arusha

Basi ni Mang'ola. Rimoti itakaa kwa mke wangu. Karatasi nyekundu nimenunua leo, tabaka tatu zimetosha. Na binti ameshasema hatalala, anataka kuamka na kilimia kama yule mzee.

Dereva wa Kaskazini

Toka Arusha saa 2 asubuhi. Kipande cha baada ya Karatu usikivuke gizani.