Kwa nini wafungwa wa kisiasa wa Belarus huongezewa vifungo wakiwa ndani?

Mwalimu, Moshi: Ndugu zangu, nimesoma kwamba baadhi ya raia wa Belarus, nchi ya Ulaya Mashariki, waliofungwa kwa kupinga matokeo ya uchaguzi wa rais wa tarehe 9 Agosti 2020, kifungo kikikaribia kwisha, huhukumiwa upya. Sheria gani inaruhusu?

Wakili, Arusha: Shikamoo Mwalimu. Ni kifungu cha 411 cha sheria yao ya jinai, kuhusu kukaidi uongozi wa gereza. Wafungwa hao huvalishwa kibandiko cha njano kifuani ili askari wawatambue kwa mbali. Kifungo cha shati kikiachwa wazi huandikwa kosa, na makosa yakirundikana mtu huingia seli ya adhabu, kisha mahakamani. (Ukaidi wa kifungo cha shati!)

Mama Neema, Moshi: Maria Kolesnikova, mpiga filimbi na kiongozi wa upinzani aliyehukumiwa miaka 11, alitolewa seli ya adhabu Novemba 2022 akapasuliwa kidonda cha tumbo kilichotoboka. Aliachiwa Desemba 2025. Mwanaharakati wa upinzani Vitold Ashurak hakubahatika: alifia gerezani Shklov, Mei 2021. Je, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo hapo Arusha haiwezi kusikiliza mashauri haya?

Wakili, Arusha: Haiwezi, mama; ile ni ya nchi za Afrika. Belarus haimo hata katika Baraza la Ulaya, lenye mahakama yake ya haki za binadamu, na mwaka 2023 ilijitoa katika itifaki iliyowaruhusu raia wake kulalamika kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.