Msaada: Mtoto wa miezi minne, tumbo limebonyea na anahema haraka

MamaZawadi: Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri, nimechoka kulia peke yangu. Mwanangu ana miezi minne. Alizaliwa vizuri tu, kilo 3.1, akalia palepale. Tangu miezi miwili anahema haraka haraka, akinyonya anaachia ziwa apumzike kwanza. Kituo cha afya tumeenda mara tatu, kila mara tunaambiwa nimonia, anachomwa sindano siku tano, anapata nafuu, wiki haiishi imerudi.

Kinachonitisha zaidi ni tumbo. Mtoto akishiba tumbo linakuwa duara, si ndiyo? La huyu nikimlaza chali linaingia ndani kama kibakuli, mbavu zinatokeza, hata akitoka kunyonya halijai. Kifua upande wa kushoto ndicho kimetuna. Juzi nimeweka sikio hapo nikasikia mngurumo kama wa mtu mwenye njaa. Mama mkwe anasema ni chango, akakandwe. Baba yake yuko safarini. Nifanyeje?

Kibo2: Pole sana dada. Wangu tumbo lilibonyea hivyo, kumbe aliishiwa maji kwa kuharisha. Utosi umedidimia? Macho yameingia ndani? Ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi upesi?

MamaZawadi: Utosi sawa, macho sawa, ngozi inarudi, anakojoa vizuri. Uzito tu, mstari wa kwenye kadi umelala.

Nesi wa Zamu: Mama Zawadi, soma hii taratibu. Huo mngurumo kifuani usiupuuze. Kuna watoto wanazaliwa na tundu kwenye kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mara nyingi liko kushoto kwa nyuma, madaktari wanaliita tundu la Bochdalek. Utumbo unapanda kifuani, unabana pafu na kuusukuma moyo kulia. Tumbo linabaki tupu, ndiyo maana linabonyea. Wengi wanazidiwa siku ile ile ya kuzaliwa, lakini wachache wanachelewa kuonyesha, wanatibiwa nimonia miezi mizima.

Siwezi kusema mwanao anayo, sijamwona. Omba eksrei ya kifua na tumbo kwa pamoja, na umwambie daktari kuhusu tumbo na mngurumo, usiseme kikohozi peke yake. Ni muhimu, kwa sababu utumbo wenye hewa kifuani unaweza kudhaniwa ni hewa au usaha uliojaa nje ya pafu, mtoto akachomwa mrija wa kifuani pasipotakiwa. Wakimwekea mpira wa puani, ule unaoshuka hadi kwenye mfuko wa chakula, kabla ya picha, ncha yake ikionekana kifuani, jibu limepatikana.

Asikandwe tumbo. Mbebe kifua kikiwa juu. Midomo ikiwa ya bluu, au akitapika kijani, ondoka hata kama ni usiku.

Mzee_wa_Mbuyuni: Tusiwadharau wazee jamani, chango lipo. Wangu wote wamekandwa na wamekua.

Nesi wa Zamu: Shikamoo mzee. Sijawadharau. Ila kama utumbo umebanwa kwenye tundu, kukandwa kunaweza kumuua. Picha kwanza.

BabaMapacha: Dada, sisi yalitukuta. Mmoja wa mapacha alizaliwa tumbo limeingia ndani, akawa bluu. Hawakumpasua siku hiyo, walimtuliza pumzi kwanza, siku ya nne ndipo wakaurudisha utumbo na kushona tundu. Leo ana miaka sita, kovu liko chini ya mbavu za kushoto. Alicheua sana mwaka wa kwanza na uzito ulipanda polepole, ila ulipanda. Ukipewa rufaa usiahirishe. Hospitali za Muhimbili, KCMC na Bugando wapo mabingwa wa upasuaji wa watoto. Mama mkwe nenda naye, aione picha kwa macho yake.

MamaZawadi: Mungu awabariki. Tumetoka hospitali ya mkoa. Utumbo uko kifuani, moyo umesogea kulia. Daktari alituonyesha vile viduara vya hewa mahali pafu lilipotakiwa kuwa. Ameshawekewa mpira wa puani, anahema kwa utulivu kidogo. Rufaa tumeandikiwa, gari la wagonjwa linaondoka saa nane. Mama mkwe ndiye kambeba, kifua juu.