Naomba ushauri: mtoto wa paka anaharisha ila anacheza kama kawaida

Habari zenu wakuu. Nina mtoto wa paka, jike, wa wiki kama 9, nilimchukua kwa jirani siku 10 zilizopita. Tangu Jumatatu anaharisha mara 4 hadi 5 kwa siku. Kinyesi ni kama uji wa njano, kinanuka vibaya, ila damu sijaiona wala hatapiki. Kinachonichanganya ni kwamba mwenyewe hana habari: anakula, anakunywa maji, anapanda mapazia, usiku anawinda vidole vyangu vya miguu.

Nilikuwa nampa maziwa ya ng'ombe (najua, nimeshasemwa sana hapa nyumbani). Nimeyaacha siku 3 sasa, nampa kuku wa kuchemsha bila chumvi. Kumepungua, hakujakata. Dawa ya minyoo hajawahi kupewa, na akila tumbo linajaa kama ngoma.

Je, nimpe dawa ya minyoo akiwa bado anaharisha, au nisubiri kinyesi kishike? Na kwa umri huu nivumilie siku ngapi kabla ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo? Ana gramu 800 tu, naogopa kukisia dozi. Kuna aliyeniambia nimpe Flagyl ya watu, nimekataa.