Heringi mmoja mtoni ni kosa, tani nzima kwenye trola eti ni bahati mbaya

Wakuu hili jambo linanichoma acha niseme. Sisi tulioko huku Massachusetts tunajua ikifika mwezi wa nne heringi wa mtoni wanapanda kutoka baharini kuja kutaga, samaki weupe wa kung'aa, macho makubwa, wanajazana chini ya ngazi ya samaki (vidimbwi vya kupandia kama ngazi) wanasukumana wapite bwawa la kinu cha zamani. Pembeni kuna bango, ruksa kuangalia, kuchukua hata mmoja hapana. Jimbo lilipitisha katazo 2005, Connecticut walishatangulia 2002, na tangu 2012 pwani yote ya Atlantiki ya Marekani jimbo lisilo na mpango wa uvuvi endelevu uliokubaliwa haliruhusiwi kuwavua. Sina ugomvi na hilo, samaki wamepungua vibaya, acha wapumzike.

Ugomvi wangu uko baharini. Hawa wakitoka mtoni wanakaa baharini miaka 3 mpaka 5 ndo wanarudi, na huko wanachanganyika na heringi wa Atlantiki pamoja na vibua, ambao ndo wanaotafutwa na meli. Sasa inakuja trola, meli ya kukokota wavu, saa zingine meli mbili zinakokota wavu mmoja, matundu madogo, wavu ukijaa wala hawamwagi samaki juu wakachambua, wanashusha mpira mnene wa pampu wananyonya moja kwa moja mpaka kwenye matangi. Heringi wa mtoni wenyewe wako aina mbili, zinafanana mpaka njia ya uhakika ni umpasue uone utando wa tumbo, mweupe au mweusi. Kwenye ule mpira nani anampasua nani??

Halafu mtoni watu wazima wanajitolea kusimama dakika 10 kwa saa wakihesabu samaki mmoja mmoja anayepita. Baharini ni kukadiria kwa vikapu vya sampuli, tena ikiwa mwangalizi yupo, yule anayepanda meli kurekodi kilichonaswa.

Najua mtu atakuja kuniambia mkuu mbona kuna kikomo cha heringi wa mtoni wanaonaswa kwa bahati mbaya. Kipo ndio, tangu 2014, kwa meli za heringi na za vibua, kikifikiwa wanabanwa. Ila kilipangwa kwa kuangalia huko nyuma walikuwa wananasa kiasi gani, yaani mwizi anapimiwa kwa alichozoea kuiba, sio kwa kuangalia samaki wenyewe wamebaki wangapi. Na kinahesabu uzito tu, samaki katoka mto gani hakijui. Samaki 5,000 hawa ni kama tani moja hivi, kwa meli hizo tani moja si kitu, ila kuna vijito ambavyo hiyo ndo jamii yote ya mwaka huo. Kijito kimekwisha na kikomo hakijashtuka.

2021 ikaja sheria nzuri kidogo, trola za aina hiyo zisisogee ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani. Wenye meli wakaenda mahakamani, 2022 ikafutwa. Waangalizi nao mnakumbuka ile kesi kubwa ya Mahakama Kuu ya Marekani ya Juni 2024, ilianzia hapohapo kwenye heringi, nani alipe mwangalizi dola 700 na kitu kwa siku. Kwa meli ndogo ule mzigo ni mzito, sikatai, basi serikali ilipe! Maana wote wakaishia kubishana juu ya mamlaka ya wizara na mashirika, samaki mwenyewe akawekwa pembeni. Maombi ya kuwaingiza heringi wa mtoni kwenye orodha ya viumbe walio hatarini yamekataliwa mara mbili, 2013 na 2019.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba inawezekana. Maine walibomoa bwawa la Edwards mto Kennebec 1999, heringi wakarudi kwa mamilioni. Na hao hao manahodha wa trola waliwahi kuingia mpango wa hiari na watafiti wa chuo kikuu, wanapeana taarifa eneo gani lina heringi wa mtoni wengi ili walikwepe. Kwahiyo wakitaka wanajua pa kukwepa. Sasa kwanini iwe hiari kwao na kwa mwenye ndoo mtoni iwe sheria?

Nataka maeneo ya baharini wanakojazana heringi wa mtoni yafungwe miezi hiyo, na kila trola ibebe mwangalizi au kamera, kila safari. Mwenye hoja ya kutetea hizo meli alete, ila asiniletee ile ya "hawakukusudia".